Siku Tuliyoitoa Injini Ndege ya Shefu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nifunge macho. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimevaa viatu vya kuazima na ovaroli ya mwanamume, na ndani ya ile atelie, karakana ya mota pale Kolwezi, hakukuwa na mwanamke mwingine. Wanaume waliacha nyundo zao wanitazame. Shefu wa atelie, Shefu Kasongo, hakunisalimu. Alinipa bunda la waya wa shaba.

"Funga macho," akasema. "Pitisha waya mu bidole, pole pole. Fasi yenye kidonda, uniambie."

Nyinyi vijana mnaosoma haya huenda hamjui kazi yenyewe. Mota ikiungua, mtu wa kubobina huitoa nyaya zote za zamani, akasuka mpya, msokoto kwa msokoto, kwa hesabu isiyopungua hata mmoja. Waya wake umepakwa vanishi nyembamba. Mahali vanishi ilipochubuka, umeme unaruka kutoka msokoto huu hadi ule, na mota inaungua tena kabla hata hujanawa mikono. Jicho huwa halioni mchubuko huo. Kidole kinauona.

Nikapitisha waya wote. "Nimepata vidonda vitatu, Shefu."

"Biko bine."

Wanaume wakacheka. Nikarudia toka mwanzo, jasho linanitiririka, nikakipata cha nne karibu kabisa na ncha. Shefu akauchukua waya, akaupitisha kwenye vidole vyake vinene, akanitazama.

"Utabakia," akasema. Sikupewa barua nyingine ya ajira iliyonifurahisha kama neno hilo.

Nilibaki kweli. Shefu alikuwa mkali kama pilipili, lakini Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na ndege ndogo ya mbao, mabawa yake marefu kama mkono wangu, aliyoiunda mwenyewe. Haikuongozwa kwa redio. Ilifungwa nyaya mbili nyembamba za chuma, na yeye alisimama katikati ya uwanja wa mpira ameshika kishikio, ndege ikimzunguka, naye akigeuka nayo. Akiinamisha kishikio, inashuka, akikiinua, inapanda. Ilikuwa na injini ndogo inayokunywa spiriti na mafuta ya mbarika, yenye makelele ya kumwamsha maiti. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Kuigusa? Thubutu! Hata mkewe, Mama Beya, aliipangusa vumbi kwa ruhusa.

Kisha nikahamishwa. Kwanza Kasaji, kwenye pampu za maji za stesheni, chini ya Shefu wa stesheni aliyeamini kwamba mota hupona ikipigwa teke. Huko kazi zilikuwa chache, nikalima mtama. Ndege walitumaliza, mpaka jirani akanifundisha kutoa utepe ndani ya kaseti kuukuu na kuukaza kati ya vijiti viwili. Upepo ukipita, utepe unavuma vuuu, na ndege wanakimbia. Baada ya Kasaji nikapelekwa Fungurume, kwenye mota kubwa za mikanda ya kubebea mawe. Pale Enjenia Mkuu alikuwa na sentensi moja tu: "Mama, itatembea saa ngapi?" Nilimjibu saa ninayoijua, nikaongeza moja ya akiba. Hiyo ya akiba ndiyo iliyonifikisha pensheni na heshima yangu.

Nilipostaafu nilirudi Kolwezi, nikaenda kumwamkia Shefu. Nilimkuta sebuleni, ameketi kando ya kabati, na ndege yake juu ya kabati, imejaa vumbi. Nilipobisha hodi tu akaniita kwa jina.

"Weye! Umenona sana," akasema.

Nikacheka, nikakaa. Nikamuuliza habari za ndege. Akasema injini imekufa, pistoni imekwama, na mafuta yake hayapatikani tena mjini.

"Shefu, tuiwekee mota ya umeme. Mi nitabobina."

Uso wake ukakunjamana. "Ndeke ya bila sauti ni popo. Uiache kwenye iko."

Niliumia. Miaka yote ile, na bado sikufaa kuigusa! Niliaga upesi. Mama Beya akanisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono.

"Usimukasirikie, mama. Haone tena. Presha ya macho. Anaona tu mwangaza na kivuli, na hapendi batu bajue."

"Lakini ameniambia nimenona!"

"Wote banaokuya anabaambia vile. Hakuna mwenye alikataa." Tukacheka, kisha hakucheka tena. "Ile ndeke alikuwa anaifuata na masikio, na muvuto wa waya mu mukono. Tangu injini ilikufa, hatoke ata ku mulango. Anakaa tu pale."

Hapo nikaelewa. Mimi nilitaka kumpa ndege, kumbe nilikuwa namnyima njia ya kuiona. Usingizi haukunipata vizuri mpaka nilipokumbuka mtama wangu wa Kasaji.

Nikamwomba Mama Beya ndege kwa siri, pamoja na kaseti moja. Kisha nikamwendea enjenia mmoja kijana wa upimaji, ambaye droni yake kubwa ilikuwa imejigonga kwenye ukuta wa shimo la mgodi. Akanipa mota yake moja iliyoungua, betri nzima, na kile kisanduku kinachogawa umeme kwa mota. Yeye mwenyewe akanifungia kisaa cha kuizima baada ya dakika tatu.

Mota ile ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa, na mimi nimezoea zile za kunyanyuliwa kwa winchi. Nilisuka kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Misokoto michache ya waya mnene huleta mbio. Mingi ya waya mwembamba huleta nguvu bila pupa. Pangaboi ya ndege ya Shefu ilikuwa kubwa, kwa hiyo nikaongeza misokoto. Nilipopitisha waya vidoleni nilifunga macho, kama desturi. Nikang'oa injini na tangi, nikafunga mota puani, betri nikaiweka palipokuwa na tangi. Nikajiona fundi.

Nikampelekea, nikakiri yote isipokuwa kaseti. Nilingoja matusi. Akanyoosha mikono, akaipokea ndege, akaibeba kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Mkia ukainama.

"Pua iko nyepesi," akasema. "Injini ilikuwa nzito. Weye unaiondoa, unaweka nini pa fasi yake? Mota ya kama kifungo! Hii itaruka kama mulevi. Betri, peleka mbele."

Miaka arobaini ya kazi, nikaona haya kama mwanafunzi. Lakini yeye alikuwa anatabasamu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mwenye koleo lake alikuwa amerudi kazini. Tukaisogeza betri mpaka ndege ikalala sawasawa juu ya vidole vyake.

"Lakini sitaisikia," akasema polepole. Ndiyo mara ya kwanza kugusia mwenyewe kwamba haoni.

"Twende uwanjani, Shefu."

Jumapili asubuhi tukaenda. Mama Beya aliishika mkia, mimi nikawasha. Mota ikanong'ona tu. Shefu, kishikio mkononi, akageuza kichwa huku na huku. "Iko wapi? Siisikie!"

"Achilia, mama!" nikamwambia Mama Beya.

Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikapata mwendo, na ule utepe niliokuwa nimeukaza kati ya miguu ya magurudumu ukaanza: vuuuu. Shefu akatulia. Akageuka nao, mkono ukainuka, ndege ikapanda. Watu walitoka majumbani. Mimi nililia, sioni aibu kusema.

"Hii ni nini inaimba?"

"Kaseti, Shefu. Ya kwaya ya Mama Beya."

"Leo njo inaimba muzuri!" Mama Beya akamtupia kandambili, akamkosa.

Vijana huniuliza nimestaafu na nini. Pensheni ni ndogo, mgongo unauma. Shaba na kobalti ya huku inakwenda mbali kuwa mota na betri za watu nisiowajua. Lakini nilisuka kwa mikono yangu mota inayomtoa mzee nyumbani kila Jumapili, nami nimetosheka.

Jumapili ile ya kwanza, betri ilipojaa tena, Shefu alinipa kishikio. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaweka mkono wake juu ya wangu, tukaanza kugeuka pamoja, ndege ikivuma.

"Funga macho," akasema.

Nikafunga. Waya ukanivuta kiganja, sauti ikazunguka.

"Inafanya nini?"

Nikasikiliza kwa vidole. "Inapanda, Shefu."

Akauondoa mkono wake.

"Utabakia," akasema.