Alhamisi za Mtandire

Juzi nilipita mahali ambapo fundi mmoja alikuwa anapitisha pasi ya makaa juu ya kitambaa kilicholowa maji. Harufu ya mvuke ilinipiga usoni, nikasimama. Fundi akadhani nataka kushonewa kitu. Wewe uliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, miaka ile utanielewa. Kwangu mimi harufu ile ni Jumamosi mchana, ni baba amerudi nyumbani.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, paa la nyasi na plastiki juu yake. Mstari wetu wa nyumba ulikuwa wa watu wa Bukavu, Kongo, na nyuma yetu walikaa Warundi. Asubuhi uliamshwa na pampu ya maji, chuma ikigonga chuma, na wanawake wakibishana ni bidoni ya maji ya nani iliyotangulia. Bibi yangu, aliyemzaa baba, alitwanga sombe, majani ya mihogo, kabla jua halijawa kali. Akila nsima ya mahindi alisema kila siku kwamba hii si bugali ya mihogo ya kwetu, ni uji ulioganda, kisha alimaliza sahani yake. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchambua mawe kwenye maharagi na kumsomea bibi Biblia, maana macho yake yalikuwa yameanza ukungu.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kambini wateja walikuwa wachache, kwa hiyo juma zima alikaa Lilongwe, mtaa wa Mtandire, akishona katika duka la Mmalawi mmoja. Kibali cha kufanya kazi mjini hakuwa nacho. Wengi hawakuwa nacho. Jumamosi alirudi kwa kabaza kutoka barabara kuu, amekaa nyuma ya baiskeli ya mtu, mfuko wa vipande vya vitambaa mapajani. Akishakula aliwasha pasi ili anyooshe nguo za kwaya, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba alikuwa mtu wa maneno. Aliwasimulia wateja wake wote wa juma hilo, akiiga sauti zao: mzee aliyetaka suruali ile ile ya ujana wake, bibi harusi aliyebadilisha mikono ya gauni mara nne. Bibi alicheka hadi akafuta machozi. Mimi niliijua Mtandire nzima kabla sijaiona.

Jumamosi moja ya mvua hakurudi. Tulimwekea chakula, kikalala. Jumatatu jirani yetu Mrundi, aliyepeleka nyanya Lilongwe kila wiki, alikuja na kusimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa amevua kofia.

"Mama, bwana yako iko polisi," alimwambia mama. "Banasema aliiba."

Mambo yalikuwa hivi. Mwenye duka alikuwa amesafiri kumzika mama yake. Kabla ya kuondoka alimwambia baba kwamba mvua ikipenya tena kwenye bati, avitoe vitambaa vya suti avipeleke kwenye chumba alichopanga baba. Mvua ilipenya. Baba akavibeba, akavipanga juu ya kitanda, yeye akalala chini. Asubuhi mdogo wake mwenye duka, ambaye hakujua lolote, alifungua akakuta rafu tupu. Polisi walivikuta vitambaa chumbani kwa baba, vikavu, vimefunikwa shuka.

Mama alifika mahakamani siku ya hukumu tu. Miaka minne. Alisema baba alikuwa anamtazama hakimu kama mtu anayengoja sentensi imalizike.

Ni mwalimu wetu aliyegundua kilichotokea. Alikuwa amefundisha sekondari kule Bukavu, na kambini ndiye aliyetuandikia sote barua zetu. Aliandika barua baada ya barua akiomba nakala ya kesi, na ilipofika hatimaye aliisoma mezani kwetu, kidole chini ya kila mstari. Kisha kidole kikasimama. Baba alikuwa ameulizwa vitambaa vilifikaje kwake, na kwenye karatasi jibu lake lilikuwa: nilivichukua.

"Hakusema hivi," mama alisema. "Hawezi kusema hivi."

Mwalimu alirudia mstari ule kutoka mwanzo. "Alisema alibitenga," akasema taratibu. "Alibitenga sababu ya mvua. Na huyu aliyetafsiri akasikia Kichewa."

Sisi tunapotenga kitu tunakiweka kando. Kwa Kichewa kutenga ni kuchukua. Mkalimani wa mahakama alikuwa dereva wa zamani wa malori, mwenye Kiswahili cha barabarani, na katika lile jibu refu la baba alishika neno moja alilolijua. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nacheza na neno hilo kila siku shuleni katika lugha zote mbili. Nililia kwa hasira, kwa sababu hata mimi ningeweza kumwambia hakimu.

Tulimpata mwanasheria aliyekuja kambini kusaidia watu, mama mmoja mpole. Aliisoma karatasi na kukubaliana na mwalimu. Lakini alisema bila kutuficha kwamba neno letu halitoshi. Ilitakiwa mwenye duka mwenyewe aandike kwamba ni yeye aliyemwagiza baba. Akiandika, kesi inaweza kurudi. Asipoandika, baba atamaliza miaka yake.

Basi tukaanza kwenda Mtandire. Jirani Mrundi alitubeba kwenye lori la nyanya, kila Alhamisi, mama na mimi tumekaa juu ya makasha. Niliacha shule siku hiyo, kwa kuwa mama hakuwa na Kichewa na mimi nilikuwa nacho. Tulianza kwa baba, gerezani. Tulimpelekea sombe na bugali katika sufuria iliyofungwa kitenge; askari alituambia tuonje kwanza, tukaonja, kisha ikaingia. Baba alisimama upande wa pili wa waya. Alikuwa amekonda shingoni. Mara ya kwanza alieleza yote, haraka haraka, na akaeleza tena. Mara ya tano aliuliza tu kama bibi anakula.

Halafu tulienda dukani. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, na alikuwa na hofu. Mke wake alikaa pembeni akishona vifungo. Mama aliniambia nimwambie: tunaomba uandike maneno machache tu. Nikamwambia. Alitazama barabarani kwanza, ndipo akanijibu kwa sauti ya chini. Alisema akiandika, watamuuliza kwa nini aliajiri mkimbizi asiye na kibali, na mdogo wake ataulizwa kwa nini alipeleka polisi jambo la uongo. Alisema kesi imekwisha. Kisha akasema, "Asadzabwerenso." Mama yako asirudi tena kamwe.

Mama alikuwa ananitazama mdomoni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisa, na vumbi la barabara lilikuwa limemjaa kwenye nyusi.

"Anasema nini?"

"Anasema atafikiri," nilimjibu. "Anasema turudi Alhamisi."

Mama alimshukuru mwenye duka kwa mikono miwili. "Zikomo, zikomo kwambiri," alisema, neno pekee alilokuwa na uhakika nalo. Yule mtu alishangaa, akageukia cherehani.

Tukarudi Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata. Kila mara alisema yale yale, au alitokea mlango wa nyuma akituona, na kila mara mimi nilitafsiri kitu kingine. Anasafiri. Anaumwa. Bado anafikiri. Nilikuwa hodari sana, nilimpa hata maneno ya upole ambayo hakuwa nayo. Tukifika nyumbani bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, uso ameuelekeza barabarani ingawa hakuwa anaona tena. "Amesema nini?" Mama alimrudishia maneno yangu, moja baada ya jingine, na bibi alitikisa kichwa kukubali. "Ni mutu muzuri," alisema. "Mutu anayefikiri ni muzuri." Mimi nilikwenda pampuni hata kama maji yalikuwa yamejaa.

Mama aliisha mbele ya macho yangu. Aliacha kwaya. Alichoma maharagi, yeye ambaye hakuwahi kuchoma kitu. Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya nguo za baba, amezifua, amezipiga pasi, amezikunjua, anazifua tena.

Bibi alikufa mwanzoni mwa mvua zilizofuata, kwa homa ya siku tatu. Siku ya mwisho aliniomba nimsomee, na nilipomaliza aliuliza kama yule mutu amemaliza kufikiri. Nilisema karibu. Alikufa na jibu hilo.

Tulipotoka makaburini nilimshika mama mkono, tukabaki nyuma ya watu, nikamwambia yote. Nilimwambia neno halisi la siku ya kwanza na maneno yote yaliyofuata. Nilingoja anipige. Alitembea, viatu vyake vimejaa tope, hadi tulipofika kwenye mstari wetu.

"Tutaenda Alhamisi," alisema.

"Mama, hatakubali."

"Nimesikia. Tutaenda."

Alhamisi ile hakuniruhusu nifungue mdomo. Aliingia dukani na nguo ya msiba, kitambaa cheusi kichwani, akasimama mbele ya mwenye duka. Alikuwa amemwomba mwalimu amfundishe maneno mawili, na njia nzima juu ya lori nilimwona midomo ikicheza. "Amayi amwalira," alisema. Mama amefariki. Akaonyesha upande wa gereza, akaonyesha kifua chake, akasema tena. Hakuomba kitu.

Mke wa mwenye duka aliacha kushona. Alimuuliza mumewe huyu anasema mama wa nani. Mimi ndiye niliyejibu: mama wa fundi. Basi yule mwanamke akasimama, vifungo vikamwagika chini, akaongea na mumewe kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Wewe ulikwenda kumzika mama yako, fundi wako akabaki akilala chini ili vitambaa vyako visilowe. Wa kwake amezikwa na yeye yuko ndani. Unaogopa kuulizwa na polisi? Mimi je, nikikuuliza?"

Mwenye duka alikaa chini. Aliomba kalamu. Akaharibu karatasi ya kwanza, mke wake akampa ya pili.

Baada ya hapo tulingoja miezi mingine mingi, maana karatasi nazo zina foleni zake. Mahakama ya juu ilifuta hukumu. Baba alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka miwili. Alirudi mchana wa jua kali, nyuma ya baiskeli ya kabaza, bila mfuko. Kwaya ilimwimbia. Aliwapa watu mkono mmoja mmoja, akafika mlangoni, akakitazama kigoda. Mama hakuwa amemwambia habari ya bibi. Aliogopa kumwambia kupitia waya.

"Mama iko wapi?" baba aliuliza.

Mama akamshika mkono.

Baba aliishi nasi miaka saba baada ya siku ile, hadi alipofariki. Alishona hapo hapo kambini, akatulisha, akanisomesha. Lakini yule msimulizi hakurudi. Mteja akimuuliza jambo alitafakari kwanza, akajibu ndiyo au hapana, na mara nyingi alionyesha kwa kidole. Kwa Mmalawi hakujibu kabisa, aliniita mimi. Nilimtafsiria kila neno kama lilivyosemwa, hata yale mabaya, naye alinisikiliza akinitazama machoni mpaka nimalize.

Mstari wetu umejengwa upya, na wengi wa Bukavu walishapelekwa nchi za mbali. Kaburi la bibi nililitafuta mwaka juzi nikabahatisha. Mama anaishi nami hapa Kauma, Lilongwe. Jioni nyingine tunajaribu, yeye na mimi, kukumbuka hadithi za baba za Jumamosi, na tunazikumbuka: yule mzee, yule bibi harusi, mikono ya gauni mara nne. Maneno tunayo yote. Sauti aliyokuwa akiwaiga nayo, hakuna kati yetu anayeweza kuitoa.