Koti la Marehemu Clell

Pale mjini Dayton hukuweza kunywa kahawa kaunta moja na Verlin Amstutz bila kulishwa habari za baba yake. Marehemu Clell alirusha ndege za jeshi enzi zile za mabawa ya kitambaa, rubani amekaa kwenye upepo kama nguo iliyoanikwa. Verlin mwenyewe alikuwa muuza rangi mstaafu na hata ngazi ilimtia kizunguzungu, lakini kifua alichokitunisha kilikuwa cha jemadari.

Mwaka huo jumba la makumbusho likakubali kutuma mtu akague sanduku la vitu vya urubani vya marehemu. Verlin alitaka jambo moja tu: kibao ukutani chenye jina lake kama mtoaji. Kaunta nzima ilishaambiwa kitakaa wapi.

Basi akajifungia gereji na vitu vya marehemu. Koti la ngozi alilisugua kwa sabuni na brashi mpaka madoa ya mafuta ya nyonyo ya injini yakatoka. Beji ya urubani aliipiga msasa, ikang'aa, na jina la Clell likafutika. Kipande cha bawa, ambacho wenzake Clell walikitia sahihi kwa penseli, akakisugua, kisha akakipaka vanishi. Sahihi zikaenda zao.

"Umeviharibu," mkewe, Lorena, alimwambia.

"Nimevihifadhi, mama. Wewe unajua nini?"

Bi Hedrick wa makumbusho alifika na glavu zake nyeupe. Akalinusa koti, akalinusa tena.

"Mzee Amstutz, mafuta yako wapi? Injini zile ziliwatemea marubani mafuta safari nzima. Hayo madoa ndiyo niliyoyafuata."

"Yalikuwa yananuka."

"Ndiyo. Sasa linanuka sabuni."

Akaonyeshwa beji, akaonyeshwa bawa. Mama wa watu akavua glavu taratibu. Hazikuwa na kazi tena.

Lorena akaingia ndani, akarudi na mfuko wa karatasi uliokuwa kwenye kabati la mashuka. Ndani yake mlikuwa na kofia ya urubani ya mkwewe, nyeusi tii, imeshiba mafuta.

"Niliificha," alisema. "Huyu namjua, yeye na sabuni yake."

Bi Hedrick akavaa glavu upesi, akaipokea kwa mikono miwili, kisha akatafuta kalamu.

"Kibao kiandikwe zawadi ya nani?"

Verlin akafungua kinywa.

"Lorena," mkewe akasema. "Hilo la Amstutz utamalizia mwenyewe."