Lumbalumba za Njia ya Bombani

Mama mkwe wangu haoni, lakini kila alfajiri alikuwa akitoka peke yake kwenda kutawadha bombani, mwisho wa ua wetu hapa Kamembe. Hakutaka fimbo, hakutaka mtu. Alipitisha mkono juu ya lumbalumba, mirihani ya kwetu, alizozipanda mwenyewe kandokando ya njia, majani yakatoa harufu yao kali, naye akajua amefika wapi. Kazi yangu ilikuwa kuzimwagilia maji ya kuoshea mchele na kukata maua, maana zikichanua sana majani hukakamaa. Zaidi ya hapo hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Nilimwogopa.

Siku moja wifi zangu walitutembelea kutoka Bukavu. Mimi napenda sifa, siwezi kuficha. Nikapika sambaza wabichi, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na sambaza bila lumbalumba kwetu si chakula. Nilichuma, nikaongeza, mwishowe nikashika kisu nikafyeka matawi yote. Mawifi walilamba vidole, wakanivisha kilemba cha ukoka, nami nikakivaa.

Alfajiri nilimkuta mama mkwe amesimama katikati ya ua, anapapasa hewa.

"Lumbalumba yangu iko wapi?"

"Nilizikata, Maman. Tulizikula jana."

Alininyooshea mkono. "Basi unipeleke."

Afadhali angenigombeza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Tangu siku hiyo nikawa namshika mkono kila alfajiri. Mwanzoni tulikwenda kimya. Siku moja akanisimulia jinsi alivyounguza wali wa mama mkwe wake, wiki ya kwanza ya ndoa, akaufukia nyuma ya nyumba. Tulicheka hadi akasahau alikuwa amefikia wapi kutawadha, akaanza upya. Mchana nilihangaikia vile visiki: samadi ya mbuzi, jani la mgomba kuvikinga jua, na dua. Nilitaka arudishiwe njia yake. Nilitaka pia, Mungu anisamehe, zichelewe kidogo.

Hazikuchelewa. Leo alfajiri kitenge changu kimezigusa, harufu ikajaa njia nzima. Nikamwachia mkono, ingawa moyo ulikataa.

"Maman, majani ilisharudia. Unaweza kwenda mwenyewe."

"Niko nasikia harufu yake tangu juma ile ingine," akasema, huku akinitafuta. "Leta mukono, mutoto yangu."