Kitanda Mbele ya Baba

Miaka ya sitini niliandikia gazeti moja la Nairobi habari za mauaji, nikikaa benchi la nyuma mahakamani Kisii. Nilikuwa mkavu wa macho. Mtu akieleza alivyomfumania mkewe, wengine waliinamisha vichwa, mimi niliandika. Gazeti mtu hulisoma peke yake, akiona haya hufunua ukurasa mwingine. Baba yangu hakujua kusoma kabisa.

Kesi moja ya Nyansiongo, ya mke na hawara waliomuua mume ili wabaki na ng'ombe wake, ndiyo iliyonihamisha. Watengeneza sinema wa Nairobi waliisoma, wakaniita niiandike kama filamu. Nilipoandika kwamba wale wawili walikuwa wapenzi, walinicheka. "Bwana, hapa hatusemi, tunaonyesha." Basi nikaonyesha: kitanda, blanketi, mabega matupu. Nikajiona fundi, mjinga mimi.

Kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Mambo ya kitandani baba na mwana hawayasikii pamoja, sembuse kuyatazama. Niliyajua hayo tangu utoto. Lakini nilidhani nawaandikia watu wa Nairobi, nisiowajua.

Halafu sinema ikaletwa Kisii, katika ukumbi wa shule, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, turubai jeupe la kuonyeshea limetundikwa mbele. Baba, mzee wa kanisa, Msabato ambaye hakuwahi kuona sinema, alitoka Suneka na wazee wenzake, amevaa koti lake la ibada.

"Keti hapa, mwanangu," aliniambia kwa Kigusii, akipigapiga benchi.

Nikasingizia kwamba nasaidia kwenye mashine ya sinema. Huko nyuma nilimsihi mwenye mashine akiruke kile kipande, akasema haiwezekani. Mlango wa chumba cha kulala ulipofunguka pale kwenye turubai, nilikimbia nikasimama mbele ya mwanga. Watu wakazomea. Katikati ya kelele nikaisikia sauti ya baba gizani: "Wewe, toka hapo! Tunatazama kazi ya mwanangu!"

Sikuthubutu kumwambia kwamba ni mimi. Nikatoka mbele ya mwanga.

Kitanda kikajaa turubai zima. Baba aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akatoka bila kugeuka.

Nilimkuta nje, kofia mkononi, akitazama barabara. Nilimwita "Tata", baba kwa Kigusii, akaitikia tu. Wazee wenzake walipotoka, mmoja alimuuliza kwa upole mbona ameondoka.

"Ile taa iliniumiza macho," baba alisema. "Sikuona kitu."

Huyu ndiye aliyetuchapa utotoni kwa kudanganya juu ya ndizi moja. Wazee wakatazama chini. Kisha mmoja akasema kweli taa ilikuwa kali, hata yeye hakuona vizuri. Wa pili naye akasema hakuona. Nikasimama pale, mwandishi wa kila neno la mahakamani, nikiwasikiliza wazee wa kanisa wakisema uongo mmoja baada ya mwingine ili niendelee kuwa mwana wa baba yangu.