Chumvi Iliyotajwa Jioni

"Taarifa Rasmi kwa Wapangaji Wote Kuhusu Utaratibu wa Kumwaga Chumvi Kwenye Ngazi za Nje Msimu wa Barafu." Hicho ni kichwa tu cha karatasi iliyobandikwa mlangoni kwetu hapa ughaibuni, Brooklyn Park. Maana yake: ndoo ya chumvi ile pale, mwaga, barafu iyeyuke. Shangazi Kadzo, dada ya baba yangu, ninayeishi naye, jua likishatua huipita karatasi hiyo mbiombio, kama mtu anayekwepa mdai wake.

Nilipokuwa mtoto huko kwetu Kilifi, chumvi haikutajwa jina baada ya jua kutua. Uliomba "dawa ya mboga", na mwenye duka alielewa. Shangazi alikuwa msichana aliyeposwa, mwenye haraka zake. Jioni moja, mchuzi ukiwa motoni, alikimbilia duka lililokuwa kando ya kisima, akaitaja chumvi waziwazi mbele ya watu. Nyanya, mama yake, alimwambia, "Kadzo, umeiita. Itakuja."

Ikaja. Kabla ya mvua za vuli kisima kilikuwa kimegeuka. Sabuni haikutoa povu, na chai haikunyweka hata kwa sukari ya sikukuu. Chifu akaunda Kamati Ndogo ya Kuchunguza Mabadiliko ya Ladha ya Maji. Kamati ilikaa, ikanywa soda, ikaamua kwamba chanzo ni kauli. Pampu ya hoteli mpya, iliyonguruma ng'ambo ya barabara kutwa kucha, haikuitwa kutoa ushahidi. Posa ikavunjwa. Shangazi akaondoka, akasomea uuguzi, na hatimaye akatuvuta sote huku kwenye theluji.

Majuzi binti yangu Neema, anayesomea maji ya ardhini, alikuwa mezani na kazi ya chuo: kipande cha pwani kwenye kompyuta, kimegawanywa miraba, kila mraba na mchanga wake na mvua yake, na katikati pampu. Maji matamu ya buluu, ya bahari mekundu. Alinieleza kwamba matamu ni mepesi, huelea juu ya yale ya chumvi na kuyazuia. Ukiyavuta kupita mvua inavyorudisha, bahari huingia chini kwa chini.

Shangazi, aliyekuwa akizungukazunguka na funguo za gari mkononi, zamu ikimngoja, akasimama.

"Zima hiyo pampu."

Neema akaizima, akaipitisha miaka upya. Wekundu ukabaki ufukweni.

"Haya, sasa mtie yule msichana."

"Msichana gani, Bibi? Humu hakuna pa kumweka mtu."

Shangazi akamtaka arudie maneno hayo. Akarudia. Akamtaka tena.

Nyanya simlaumu sana. Kwamba bahari huitwa, alikuwa sahihi. Alikosea tu ni nani aliyeiita. Na kijiji kiliona ni rahisi kumsimamisha kizimbani msichana kuliko hoteli.

Hoteli ilivuta maji kupita mvua ilivyorudisha, bahari ikaingia kisimani, na Kadzo akaachwa.