Mukwe Ndani ya Motoka ya Siti Mbili

Bwana yangu, Mungu amupokee, aliniachia nyumba ya Katuba, batoto saba na motoka ya siti mbili. Muntu wa batoto saba, motoka ya siti mbili! Muzungu mumoja alikuwa anarudia kwao, akamuachia kwa urafiki, na bwana yangu akaingia nayo mu parselle, mu kiwanja yetu, akicheka peke yake. Tangu afe, ile motoka ya mbio ilikimbia hapa kwetu tu, chini ya turubai, na kuku juu yake.

Mwijukulu yangu wa kwanza njo aliifufua. Yeye iko enjenyeri mu mugodi upande wa Kinsevere, anavaa kofia ya plastiki na anaongea sawa vile kofia ile inafikiri kwa nafasi yake. Kwetu kambo, ni kusema babu ao nyanya, na mwijukulu banaitana bwana na bibi, na banatukanana bila kosa. Kwa hiyo bitu nitamusema hapa si matusi. Ni haki yangu.

Alitaka kuoa mwezi wa kumi na mbili, na kutoa bibi-arusi ku komini, kule serikali inaandika ndoa, mpaka ku kanisa mu motoka ya kambo yake. Mwezi wa kumi na mbili, mvula ya Lubumbashi haiombi ruhusa. Na zile kauchu, mipira inayozunguka milango juu maji isiingie, zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika mu mukono sawa biskuti. Ku siti ya abiria mulikuwa mumeota uyoga. Ninaapa. Niliung'oa miye mwenyewe.

Mama ya bibi-arusi akasikia habari ya uyoga. Ni mwalimu, muntu wa Kasai, muntu wa kunyoosha mugongo hata akikaa ku kiti ya plastiki. Akasema mbele ya bote:

«Binti yangu hatafika ku altare analowana sawa kitambaa ya kupiga deki. Jumamosi, siku ya posho, nitakuya. Nitaikala ndani, mutanimwangia maji. Tone moja tu ikiingia, mutatafuta motoka ingine.»

Mwijukulu akaagiza kauchu mupya ku Ulaya. Zikafika mu kartoni, mbili, moja ya kila mulango, na karatasi ya maelezo. Siku tatu enjenyeri anasoma karatasi. Ya ine, asubuhi ya ile siku yenyewe ya posho, njo akaanza kupaka kole, ile gundi, ku mulango wa abiria. Magurudumu yalikuwa kwa kwado, fundi wa kuziba pancha, na motoka imewekwa ku matofali, upande wa shofa, wa dereva, umebanana na ukuta.

Masomo yangu ilikomea ku ya tatu primeri, lakini macho haikukomea pale. Nikamuambia:

«Bwana yangu, usifunge ule mulango. Kole inangojewa mpaka haishike tena kidole. Hata mushona-viatu wa ku soko anajua.»

«Kambo, hii ni kole ya Ulaya. Si ya viatu.»

«Aa! Kumbe ya Ulaya inakauka na kifaransa?»

Mama mukwe alikuwa ametuambia saa nane. Akafika saa ine ya asubuhi. Sasa, kwetu Baluba ya Katanga na kwabo Kasai, sheria ni moja: mukwe haambiwi «ngoja». Haguswi, haangaliwi mu macho, na haambiwi «ngoja». Muntu anayeamuru mashini kubwa sawa nyumba akaogopa kusema neno moja ile. Akafungua mulango, mama akaingia na sakoshi, mukoba yake, ku magoti, akaufunga. Kole ilikuwa mubichi sawa bukari, ugali ya haraka.

Tukamwanga maji, miye na binti yangu, ndoo kumi na mbili. Mama ndani anaangalia juu, chini, pembeni, sawa vile anasimamia ekzame. Hapana hata tone moja. Akaitika na kichwa kwamba imetosha, akasukuma mulango.

Mulango haukusikia.

Akasukuma na bega. Sisi tukavuta inje. Kile ya kuteremusha kioo kilikatika zamani, na upande wa shofa hata mbuzi hawezi kupita. Jua imetoka, mabati inalia. Na enjenyeri? Amesimama mbali, mikono mu mugongo, anaomba musamaha kwa ukuta:

«Mama, mutusamehe, mama.»

Mama alianza kutukaripia mu kifaransa, akaendelea mu kiswahili, akafikia ciluba ya kwabo. Pale nikajua joto imefika ku mufupa. Nikaingia jikoni, nikatoka na kisu ya kukatia sombe, majani ya muhogo.

«Kambo, hapana! Ile kauchu ni ya Ulaya!»

«Na mukwe yako, ni wa ku duka gani?»

Nikakata. Nikazungusha kisu pole-pole, juu mpaka chini, mwijukulu analia kila santimetre. Mulango ukafunguka. Nikashika mama mu makwapa, juu ya vile siti ile iko chini sana, na tukaanguka wote wawili mu tope ya ndoo zetu. Hakuna alicheka. Miye nilicheka.

Mama akasimama, akapanguza sakoshi mbele ya kujipanguza yeye.  

«Tone haikuingia,» akasema. Mwalimu ni mwalimu, hawezi kuiba pointi hata ya adui. «Mutoto atapanda. Lakini kole ikauke.»

Kauchu ya pili, ya shofa, njo tulibandika ku mulango wa bibi-arusi. Siku mbili mulango wazi, miye ku kiti pembeni, muntu asiuguse. Mulango wa shofa ukabakia na biskuti zake.

Siku ya ndoa mvula ikanyesha sawa imelipwa. Bibi-arusi akashuka mbele ya kanisa mukavu, muzuri, hata ua moja halikulowana. Bwana-arusi akashuka upande wake, wa shofa: kutoka bega ya kushoto mpaka ku kiatu, maji inatiririka. Mama mukwe akaona. Akatoa kitambaa mu sakoshi, na bila kumuangalia, akanipatia miye juu nimupatie.

Nikakishika kwanza kidogo.

«Bwana yangu,» nikamuambia, «jipanguze uso tu. Hii ingine yote, ingoje ikauke.»