Koti la Kaki

Mlinzi wetu akipiga pasi sare yake, harufu ya kaki mbichi hunirudisha Temeke, kwa mbwa mkubwa aliyeachiwa baba na bosi wake Mzungu alipofunga virago kurudi kwao. Mbwa yule alitungurumia sote. Mama hakutoka uani bila mchi mkononi. Baba tu ndiye aliyetingishiwa mkia, kila alipompelekea chakula amevaa koti la kaki la kazi yake ya zamani.

"Mie ananijua," alituambia.

Mama alimtazama mbwa, kisha akamtazama baba, macho yaleyale.

Ijumaa moja baba alitoka chumbani na kanzu yake, anakwenda msikitini. Mbwa akamrukia, akamng'ata mkono. Baba akachuchumaa uani, akauosha kwa maji na udongo kama dini inavyotaka. Mama hakumpa pole. Aliingia ndani, akarudi amevaa lile koti juu ya khanga, akamsogelea mbwa.

Mbwa akatingisha mkia.

"Baba watoto," mama alisema taratibu, "hebu tazama anayemjua."

Baba hakuinua kichwa. Aliendelea kuosha mkono uliokwisha takata.